Kompyuta inayogoma asubuhi na kuwaka mchana

Kompyuta iliyokufa kabisa haimsumbui fundi sana. Ukiipima asubuhi imekufa, ukiipima jioni imekufa, na kila kipimo kinakusogeza karibu na kitu kilichoungua. Inayosumbua ni ile inayogoma leo, halafu kesho inawaka kama vile haijawahi kuumwa. Mwenyewe anaileta, fundi anaichomeka, inawaka. Anaizima na kuiwasha tena, inawaka. Anapuliza vumbi, anachomoa RAM (kumbukumbu ya muda ya mashine) na kuirudisha, anapokea hela yake, mashine inarudi nyumbani. Siku tatu hazipiti, simu inaita.

Simu ya namna hiyo nimeipokea mara nyingi kuliko ninavyopenda. Iliyonifundisha kazi ilitoka kwa mama mmoja mwenye steshenari huku Temeke. Kompyuta yake ya mezani ilikuwa ya kuchapia barua na mitihani ya shule za jirani. Ilikuwa imeshapita kwa mafundi wawili kabla yangu.

"Fundi, hii mashine huwa inawaka ikijisikia," aliniambia. "Ikifika kwenu inakuwa na adabu, ikirudi kwangu inanigomea."

Nikaipokea. Nikaichomeka, nikaenda kumalizia kazi nyingine, niliporudi nikabonyeza kitufe ikawaka. Nikaiwasha na kuizima mara kumi na mbili, haikukosea hata moja. Nikabadilisha betri ya BIOS, ile programu ndogo inayoanzisha mashine, kwa sababu ilikuwa imechoka, nikasafisha, nikampelekea Ijumaa. Jumamosi ilifanya kazi vizuri. Jumatatu asubuhi akanipigia.

Maneno yale ya "ikijisikia" karibu kila mteja anayasema, na mimi mwenyewe niliyakubali kwa miaka. Sikuyachunguza. Mashine haijisikii. Kama Jumamosi imewaka na Jumatatu imegoma, basi kuna kitu kimetofautiana kati ya siku hizo mbili: joto lake, umeme unaoingia, unyevu, namna ilivyosukumwa wakati wa kufagia, au muda iliokaa bila umeme. Tatizo la kuja na kuondoka lina sharti lake, na sharti likitimia linakuja kila mara. Kazi ya kwanza ya fundi ni kulijua hilo sharti. Kufungua skrubu kunafuata baadaye, na mara nyingi kufungua mapema ndiko kunakoharibu ushahidi, kwa sababu ukishagusa kila kitu na mashine ikawaka, hujui ni mguso upi ulioiwasha.

Kati ya kidole na nembo

Neno "haiwaki" linabeba mambo mengi yasiyofanana. Ili kuyatenganisha, inabidi ujue kinachotokea tangu kidole kinapogusa kitufe mpaka nembo inapotokea kwenye skrini.

Kompyuta ikiwa imezimwa lakini plagi iko ukutani na swichi imewashwa, pawa saplai, kile kisanduku cha kugawa umeme ndani ya kasha, haijalala. Ndani yake kuna sakiti ndogo inayofanya kazi saa 24, ikitoa volti 5 za kusubiri kupitia waya wa zambarau. Umeme huo mdogo ndio unaoiacha madabodi, ile bodi kuu inayounganisha vyote, macho ili isikie kitufe kikibonyezwa. Kwenye madabodi nyingi utaona kitaa kidogo kinawaka hata mashine ikiwa imezimwa. Ni umeme huohuo.

Ukibonyeza kitufe, madabodi inaushusha waya wa kijani hadi volti sifuri, na hapo ndipo pawa saplai yenyewe inapoamka: volti 12 kwenye waya za njano, volti 5 kwenye nyekundu, volti 3.3 kwenye za rangi ya chungwa. Haianzi kazi papo hapo. Inajipima kwanza, na volti zikitulia, kati ya milisekunde 100 na 500, inapeleka ishara kwenye waya wa kijivu kuwa umeme uko sawa. Mpaka ishara hiyo ifike, prosesa, yaani ubongo wa mashine, imeshikiliwa, hairuhusiwi kufanya lolote. Ikifika, prosesa inaachiwa, inasoma maelekezo ya BIOS, inakagua RAM, inatafuta pa kupeleka picha, inatafuta diski, ndipo inaikabidhi mashine kwa Windows au Linux.

(Rangi hizo ni za pawa saplai za kawaida za mfumo wa ATX. Mashine nyingi za ofisini za chapa kubwa, hizi zinazokuja zikiwa zimeshatumika Ulaya, zina plagi na waya za kwao wenyewe. Tafuta karatasi ya mtengenezaji kabla ya kuchomeka chochote.)

Mnyororo huo ukiukumbuka, dalili zinaanza kusema. Ukibonyeza na hakuna kinachotikisika, hata feni, basi tatizo liko mwanzoni kabisa: umeme wa ukutani, volti za kusubiri, au kitufe chenyewe. Feni ikizunguka nusu sekunde ikakata, pawa saplai imejaribu kuamka ikaona hatari, au imeshindwa kutulia. Feni zikizunguka bila kukata lakini skrini ikabaki nyeusi, mashine imekwama kwenye RAM, kadi ya picha au prosesa, au imewaka vizuri na skrini ndiyo yenye kasoro, jambo ambalo hutokea zaidi ya watu wanavyodhani. Nembo ikitokea kisha ikaganda, angalia diski na kila kilichochomekwa USB. Na kama Windows imeanza kuzungusha duara lake, acha kabisa kuisumbua pawa saplai, umeshavuka huko.

Dalili moja naipenda kwa sababu inajitaja yenyewe. Mashine inawaka, inakaa sekunde nne hivi, inazima, kila mara kwa muda uleule. Kitufe cha kuwashia ukikishikilia sekunde nne, kompyuta hulazimika kuzima, ndivyo ilivyoundwa. Kwa hiyo mashine inayozima kwa kipimo hicho mara nyingi ina kitufe kilichonasa ndani, kwa uchafu au plastiki iliyolegea, na madabodi inadhani bado kuna mtu amekibonyeza. Chomoa ule waya mdogo wa kitufe kwenye madabodi, gusisha zile pini mbili kwa ncha ya bisibisi kwa kitambo kidogo, kisha ondoa. Ikiwaka na kubaki imewaka, umeokoa pawa saplai na madabodi za watu kutupwa bure.

Umeme wetu

Kwa mashine za huku kwetu, huwa naanza nje ya kasha. Umeme wa Tanzania umepangwa kuwa volti 230, Kenya 240, lakini jioni wakati mtaa mzima unapika na kupiga pasi, unaweza kupima soketi ukakuta volti zimeshuka sana. Pawa saplai za kisasa zilizoandikwa 100 hadi 240 huvumilia. Zile za zamani zenye kiswichi chekundu nyuma cha 115 na 230, zikiwekwa 230 kama inavyotakiwa hapa, hazina uvumilivu huo. Umeme ukishuka zinashindwa kuanza, na ukirudi zinawaka bila shida. Usijaribu kuzisaidia kwa kukisogeza kiswichi kwenye 115. Volti zikipanda zitaungua kwa kishindo.

UPS, ile betri inayobeba kompyuta umeme ukikatika, nayo huweza kuwa ndiyo mgonjwa. Betri yake ikichoka, inabeba kompyuta ikiwa inakwenda, lakini inashindwa kwenye ule mvuto wa kuanzia. Hadi diski ya inchi 3.5, kwa mfano, inaweza kuvuta kama ampia 2 kwenye volti 12 inapoanza kuzunguka, kisha hupungua hadi chini ya nusu yake. Kipimo ni chepesi: ichomeke kompyuta moja kwa moja ukutani kwa siku kadhaa, bila UPS, bila stabilaiza, bila ekstensheni. Na plagi ya pini tatu ifungue uiangalie ndani. Nimekuta skrubu imelegea, waya umeungua ukawa mweusi, na umeme unapita pale tu waya unapokaa upande fulani.

Mgusano, unyevu, wadudu

RAM ndiyo inayolaumiwa kuliko vyote, na kwa skrini nyeusi yenye feni zinazozunguka, lawama hiyo mara nyingi ni ya haki. Vidole vyake vya kugusia vinashika ukungu mwembamba, na kwa miji ya pwani yenye hewa ya chumvi na unyevu huwa mapema. Kila mashine inapopata joto na kupoa, chuma kinatanuka na kusinyaa, na mgusano uliokuwa mzuri unahama kwa upana wa unywele. Chomoa plagi ukutani kwanza. Toa RAM, sugua vidole vyake polepole kwa kifutio laini cha penseli, pangusa kwa kitambaa chenye spiriti safi, rudisha mpaka klipu zifunge zenyewe. Kama ziko mbili, jaribu moja moja, na kila moja kwenye kila nafasi. Ukishapata inayowaka, washa Memtest86+, programu ya kupima RAM, uiache izunguke usiku kucha. RAM mbovu huweza kupita mzunguko wa kwanza na kudondoka wa nne.

Usisahau mende na sisimizi. Wanapenda joto la pawa saplai na upenyo wa nyuma. Kinyesi cha mende na unyevu wa masika vikikutana juu ya madabodi vinapitisha umeme mahali pasipotakiwa, kisha jua likitoka vinakauka na mashine inapona. Mteja akikuambia "mvua ikinyesha tu inagoma," usimcheke.

Betri ndogo ya BIOS, ile ya volti 3 yenye jina CR2032, inatajwa sana na inastahili kubadilishwa kwa sababu ni ya bei ndogo. Tarehe ikirudi nyuma miaka, ni yenyewe. Baadhi ya madabodi hukataa kuwaka ikiisha. Lakini mashine nyingi huwaka vizuri bila hiyo betri kabisa, kwa hiyo usiifanye jibu la kila swali kama nilivyofanya mimi kwa yule mama.

Kuna na kosa la upande wa programu linalojifanya la umeme. Tangu Windows 8, mashine ukiizima kwa njia ya kawaida haizimi yote. Huhifadhi sehemu ya mfumo kwenye diski ili kesho iwake haraka. Uhifadhi huo ukiharibika, mashine inaganda inapowashwa asubuhi lakini ukiiwasha upya kutoka ndani ya Windows haina neno, kwa sababu kuwasha upya huanza kila kitu kutoka sifuri. Tofauti hiyo ukiiona, zima huo mwasho wa haraka kwenye mipangilio ya umeme, kisha uangalie wiki moja.

Kapasita

Sasa tuje kwenye kitu ambacho, kwa uzoefu wangu, kinasababisha migomo mingi ya asubuhi.

Kapasita ya elektroliti ni kimkebe kidogo chenye maji ya kemikali ndani, kazi yake ni kulainisha umeme. Ikiharibika waziwazi utaiona: kichwa chake chenye alama ya msalaba kimevimba, au kimepasuka na kutoa utomvu wa kahawia uliokauka kama gundi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 dunia nzima ilipata madabodi zenye kapasita za namna hiyo, na mafundi wa rika langu tulijifunza kuchomea kwazo. Lakini kapasita inaweza pia kukauka kimyakimya huku kichwa chake kiko bapa kama kipya. Hiyo ndiyo inayodanganya watu.

Iliyokauka ina tabia moja ya pekee: ikiwa baridi ukinzani wake wa ndani unapanda, ikipata joto unashuka. Kwa hiyo pawa saplai yenye kapasita iliyochoka inashindwa kuanza ikiwa imelala, lakini ukiisumbua, ukaiwasha mara tano, sita, ule umeme kidogo unaopita unaipasha joto, mara ya saba inawaka. Ikishawaka inakaa siku nzima, kwa sababu sasa imepata moto. Mtu anahitimisha kuwa mashine inataka kubembelezwa. Inachotaka ni joto.

Kwa nini sakiti ya volti za kusubiri ndiyo inayoanza kufa? Fanya hesabu. Kapasita nyingi zimeandikwa nyuzi 105 na saa 2000, yaani zikikaa kwenye joto hilo zimeahidiwa saa 2000 tu. Kanuni ya kukadiria inayotumiwa na mafundi umeme ni kwamba kila joto likishuka nyuzi 10, maisha huongezeka mara mbili. Kwa nyuzi 95 ni saa 4000, kwa 85 ni 8000, kwa 75 ni 16,000, kwa 65 ni 32,000. Mwaka una saa 8760. Kapasita iliyokaa kwenye kona ya joto la nyuzi 65 inamaliza ahadi yake katika miaka mitatu na miezi kama minane. Sehemu kubwa ya pawa saplai hufanya kazi saa nane kwa siku kisha hupumzika. Ile sakiti ndogo haipumziki hata Jumapili, mradi plagi iko ukutani.

Mashine imewaka, kwa hiyo imepona?

Hapa ndipo wengi wetu tunapokosea, hata wazoefu. Tunabadilisha kitu, tunawasha mara tano, inawaka, tunaandika risiti. Lakini chukua mashine inayogoma mara moja katika kila tano. Hata kama hujatengeneza chochote, uwezekano wa kuwaka mara tano mfululizo ni karibu asilimia 33. Yaani kwa kila mashine tatu za namna hiyo, moja itakuridhisha bila kupona. Ukiwasha mara kumi, uwezekano wa kudanganyika unashuka hadi kama asilimia 11. Mara ishirini, unabaki kama asilimia moja.

Na hesabu hiyo yenyewe ina sharti: kila kuwasha kuwe na hali ileile iliyoigomesha. Kama mashine inagoma ikiwa imepoa, basi kuiwasha mara ishirini ndani ya saa moja ni kuwasha mara moja tu. Nyingine kumi na tisa zilikuta imeshapata moto. Zile mara zangu kumi na mbili hazikuwa na thamani yoyote.

Ndiyo maana nasisitiza kubadilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, na kabla ya kubadilisha, kupata namna ya kuifanya mashine igome mbele ya macho yako. Kompyuta inayogoma kabla ya Windows haiachi kumbukumbu. Windows huandika tukio la Kernel-Power namba 41 pale tu mashine inapokuwa imezimika ghafla, na hata hapo inasema imezimika bila kusema kwa nini. Kumbukumbu pekee ya mgomo wa asubuhi ni ile atakayoiandika mtu: saa ngapi, ilikuwa imezimwa tangu lini, plagi ilikuwa ukutani au la, umeme ulikatika usiku, mvua ilinyesha, feni zilizunguka au kimya.

Jumatatu, saa moja na nusu

Yule mama hakuwa na kumbukumbu ya mashine, lakini alikuwa na daftari la mauzo. Mara ya pili nilipokwenda nilimwomba tuliangalie pamoja. Siku ambazo mashine iligoma, mstari wa kwanza wa kuchapa barua ulikuwa unaanza saa nne au saa tano badala ya saa mbili. Tukafungua kurasa kurudi nyuma. Jumatatu. Jumatatu. Jumatatu nyingine. Halafu Jumatano moja peke yake.

"Mama, hiyo Jumatano kulikuwa na nini?"

Akafikiri. "Jumanne usiku umeme haukuwepo. Ulirudi asubuhi, nikiwa nafungua duka."

"Na Jumamosi ukifunga, unaizimaje?"

"Siku nyingine naizima tu naondoka. Jumamosi nachomoa kila kitu ukutani, kwa sababu Jumapili hakuna mtu. Naogopa moto."

Hapo sikuhitaji bisibisi. Mashine ilikuwa inagoma kila ilipokaa saa nyingi bila umeme wa ukutani, na ilikuwa inawaka kila ilipochomekwa kwa saa moja au mbili kwanza. Kwangu, na kwa mafundi wenzangu wawili kabla yangu, ilikuwa inafika mezani, inachomekwa, inasubiri zamu yake huku ile sakiti ya kusubiri ikijipasha joto polepole. Tulipokuwa tunaibonyeza, sisi wenyewe tulikuwa tumeshaitibu bila kujua.

Jumatatu iliyofuata nilikuwa dukani saa moja na nusu asubuhi, nikamwomba asiguse kitu. Nikafungua kasha, nikachomeka plagi, nikaweka ncha nyeusi ya multimita (kifaa cha kupimia volti) kwenye waya mweusi na nyekundu kwenye waya wa zambarau, kwa nyuma ya plagi ya madabodi. Panapotakiwa kuwa kati ya volti 4.75 na 5.25, kipimo kilikuwa kinacheza 3.1, 2.8, 3.3. Kutoka ndani ya pawa saplai, ukitega sikio karibu na feni, kulikuwa na kimlio kidogo, tiki tiki tiki, sakiti ikijaribu kuanza na kushindwa. Nikabonyeza kitufe. Kimya.

Nikachomoa plagi. Jirani kuna saluni. Nikaazima drayeri ya nywele, nikapuliza hewa ya moto kwenye matundu ya pawa saplai kama dakika tano, ncha ya drayeri ikiwa mbali kidogo isiyeyushe chochote. Nikachomeka tena. 4.9, imetulia. Nikabonyeza kitufe na feni zikazunguka, nembo ikatokea. Mama akasogea karibu. "Yaani ilikuwa inasikia baridi?"

Ndiyo, mama.

Unaweza kufanya kipimo hicho nyumbani, na kuigusa multimita kwenye plagi ya madabodi hakuna hatari kubwa ukiwa makini usigusishe pini mbili kwa pamoja. Lakini usifungue pawa saplai yenyewe kama hujafundishwa. Volti 230 zikishanyooshwa zinakaa kwenye kapasita kubwa ya ndani kama volti 325, na nyingine hupanda hadi karibu 400, na zinaweza kubaki humo baada ya kuchomoa plagi. Na kile kipimo maarufu cha kuunganisha waya wa kijani na mweusi kwa kipande cha waya ili feni igeuke, mimi sikitegemei. Kinathibitisha kuwa feni inageuka. Hakisemi volti zitasimama vipi zikibebeshwa mzigo, wala multimita haionyeshi mawimbi madogo yaliyopanda juu ya volti. Kwenye volti 5 mawimbi hayo hayatakiwi kuzidi milivolti 50, na kipimo kinaweza kukuandikia 5.0 safi wakati yamezidi mara kadhaa. Ukiishuku pawa saplai, azima nyingine nzima, ifunge, subiri sharti litimie.

Ndivyo tulivyofanya. Nilifunga pawa saplai nyingine, nikachukua hela ya betri niliyombadilishia bila sababu nikaikata kwenye malipo, na nikamwomba Jumamosi achomoe kila kitu ukutani kama kawaida yake, asibadilishe chochote. Pembeni ya daftari la mauzo akawa anaandika neno moja kila Jumatatu. Wiki ya kwanza aliandika "imewaka". Ya pili, "imewaka". Ya tatu umeme ulikatika tangu Jumapili mchana, akaandika "umeme saa 3, imewaka hapo hapo".

Ile ya zamani niliiacha kwenye rafu wiki kadhaa ndipo nikaifungua. Kapasita kubwa zote zilikuwa nzima. Karibu na transfoma ndogo ya sakiti ya kusubiri, ikiwa imebanwa na kipande cha bati cha kupoza joto, kulikuwa na moja nyembamba kama punje ya maharage, imeandikwa mikrofaradi 47, kipimo cha umeme inaoweza kuhifadhi. Kichwa chake kilikuwa bapa, kinang'aa, hakina hata doa. Nikaichomoa, nikaipima. Ilibaki na 6.